Sahihi ya Fundi

Baba hakuwahi kuruka.
Naliweka hili mwanzoni, kwa sababu pale Kirumba
watu wakimwona na ovaroli yake yenye madoa
walimwita rubani, naye hakuwasahihisha.
Alikohoa tu, akaendelea kuchagua dagaa.

Ndege zilikuja vipande vipande ndani ya makasha ya mbao,
na vitabu ambavyo hakuna aliyeweza kuvisoma
ila mkalimani, na mkalimani aliugua malaria.
Basi Koplo Luhende, ndiye baba, akazipa sehemu majina ya buchani:
hili pafu, hii figo, huu utumbo mwembamba,
hapa moto unapolala, tupaite moyo.
Wiki ya tatu mkalimani alipopata nafuu
alikuta vijana wa karakana
wanaombana spana ya kufungulia figo.

Siku ya kujaribu injini hatukuhitaji kuambiwa.
Ndege ilifungwa minyororo kwenye zege,
magogo mbele ya magurudumu, pua ikitazama ziwa,
na baba amekaa pale anapokaa rubani,
akipandisha: sitini, themanini, tisini na nane.
Sahani zilitembea kabatini kwetu.
Korongo wa jalala la samaki waliinuka wote mara moja.
Mtu aliyeketi ndani ya ngurumo, na ngurumo imefungwa:
ndivyo ninavyomkumbuka,
kuliko picha ya harusi.

Halafu zamu ya Luteni Kahigi.
Dakika ishirini juu ya maji, si zaidi.
Kupanda, kugeuka, kuzima na kuwasha tena
mbali huko ambako hakuna paa la mtu.
Kabla Luteni hajakanyaga ngazi, baba alisaini daftari.
Mstari mmoja: nimekagua, inafaa.
Kisha akasimama ukingoni mwa njia ya kurukia
akihesabu bila saa, kwa kumeza mate.
Safari moja zilifika ishirini na sita.
Ndege ilirudi, lakini usiku ule hakugusa chakula.
Upepo tu, Luteni alikuwa amesema,
halafu ziwa lilipendeza.

Mwaka wa vita ikaja ndege isiyo yetu.
Ilitafuta mji, ikaukosa.
Mabomu yakaangukia Saanane, kwa wanyama,
yakaua swala.
Watu walicheka kile kicheko cha aliyenusurika,
wakasema adui kumbe alikuja kuwinda.
Baba hakucheka. Alikaa juu ya kreti ya soda
akasema polepole, kama anayesoma:
Ndege ile imetoka mbali. Imeruka vizuri.
Basi yupo fundi mahali, kucha zake nyeusi kama hizi,
amesaini.

Tangu hapo mwandiko wake uligeuka.
Ninazo nakala za kaboni alizoficha chini ya godoro:
herufi zilizokuwa zimesimama wima kama gwaride
zimelala upande mmoja,
kama nyasi nyuma ya injini.
Lakini alisaini. Luteni alikuwa na watoto wanne,
na boliti iliyolegea haiulizi nani mwema.

Leo ana miaka themanini na moja,
na masikio yake yalibaki huko karakana.
Ukitaka kumwambia neno, mwambie usoni.
Ila ndege ya abiria ikianza kukimbia pale Ilemela
yeye huweka kiganja mezani, kando ya mifupa ya sato,
akafumba macho.
Maji yanatetemeka kikombeni.
Tisini na nne, anasema.
Anasubiri.
Mwambieni huyo kijana
aiangalie figo ya kushoto.